Mitumba Mbele ya Kamati ya Muwasho

Kwa furaha kubwa, wakazi wa Mwembesongo walitangaziwa kwamba muwasho wa mbwa umefutwa. Kiumbe yeyote atakayejikuna ovyo atapigwa risasi Jumamosi ya wiki inayofuata, maana mwekezaji alikuwa anakuja kuangalia kiwanda, na nchi iliyofungua milango ya biashara haiwezi kumpokea mgeni huku inajikuna.

Paskalia, muuza ndizi, Mluguru wa kutoka Matombo, alilisikia tangazo akiwa na mbwa wake miguuni. Alimwita Mitumba kwa kuwa alifika kwake chakavu lakini bado anafaa. Tangu afiwe na mume, huyo ndiye aliyemlalia mlangoni. Sasa mgongo ulikuwa umenyonyoka, masikio mekundu kama nyanya, na josho alikokuwa akiogeshwa lilikuwa limebinafsishwa likawa baa.

Akaenda kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Muwasho, Salum, Mnyamwezi wa Tabora. Mluguru na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo hakubisha hodi mara mbili.

"Mtani, mbwa wangu anawashwa. Nipe dawa."

"Dawa haimo kwenye mwongozo, mtani. Mlete Alhamisi ya wiki ijayo. Akikaa saa nzima bila kujikuna, anapata Cheti cha Utulivu."

"Na akijikuna?"

"Utamlilia kwa kufuata utaratibu."

"Enzi za misafara Wanyamwezi mlipita hapa na mizigo ya watu kichwani tukawapa maji. Leo mnatulipa risasi!"

Mwaisha, jirani wa Paskalia, ambaye habari ilimfikia kabla mwenzake hajafika nyumbani, alisimama mbali na mbwa akashika kiuno.

"Shoga, mbwa ni najisi, mimi simgusi, ila kukushauri hakuna najisi. Hao ni viroboto. Chemsha mwarobaini, upoe, mwogeshe kila siku. Na hilo gunia analolalia lichome, ndiko wanakozaana."

Paskalia akachemsha, akaogesha, akachoma, akafagia hadi uvunguni. Baada ya wiki moja Mitumba alilala usiku kucha bila kusikika akijikuna.

Alhamisi Kamati ilikutana katika chumba chenye zulia jipya, lililonunuliwa kwa heshima ya mwekezaji. Madirisha yalifungwa ili mkuno wowote usikike. Mbwa thelathini na saba walikuwa wameshakaguliwa juu ya zulia hilo. Wote walifeli, wote wakatoroshewa milimani na wenye mbwa. Viroboto wao hawakutoroshwa.

Mitumba akajilaza, ananuka mwarobaini. Dakika ya tano, Salum akavua kiatu. Dakika ya kumi, wajumbe wawili wakaanza kusaidiana migongo. Fidelis, katibu, aliandika bila kuinua kichwa.

"Unaandika nini wewe?" Salum aliuliza, mkono umo ndani ya shati.

"Muhtasari, Mheshimiwa. Mbwa, ametulia. Mwenyekiti, goti, kwapa na sehemu nyingine. Tangazo linasema kiumbe yeyote."

"Kwani mimi ni kiumbe?"

Fidelis alifikiri kwa uaminifu. "Suala hilo Kamati haijalijadili."

Mlango ukafunguliwa. Mwekezaji alikuwa amewahi. Alimtazama mbwa aliyetulia tuli, akawatazama wajumbe watano wakijikuna, kisha akauliza kwa upole hapa anayekaguliwa ni nani.

Fidelis akaliandika na hilo. Saa nzima ilipotimia, Salum alitia sahihi cheti kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa kazini. Paskalia akakipokea kwa mikono miwili, akakikunja, akamgusa Mitumba ainuke.

Mlangoni akageuka, uso umejaa huruma.

"Mtani, Jumamosi usitoke nje."