Breki ya Nyuma ya Queralt

Jumapili, 1 Septemba

Nafasi imepatikana! Biel, aliyekuwa akimbebea Queralt mkoba, amepata kazi Andorra na ameshaondoka. Mungu amjalie. Jumapili ijayo ni mashindano ya sikukuu ya mji, Queralt atapanda mawe ya mto Ter kwa baiskeli yake mbele ya mji wetu wote wa Sant Galderic, na hana mbeba mkoba.

Namjua anayefaa. Mimi.

Wasioujua mchezo wetu hudhani mbeba mkoba ni punda. Punda! Sawa, ana spana na maji mgongoni. Lakini yeye ndiye anayeruhusiwa kuvuka kamba. Anasimama chini ya jiwe, mikono juu, amdake mwendeshaji akianguka. Anamwambia muda uliobaki. Sisi wengine tunachungulia kwa mbali kati ya vichwa vya watu. Nimemchungulia Queralt, mtoto wa dada yangu, tangu ana miaka saba. Sasa ana kumi na tisa, na anayoyafanya juu ya mawe yale yananinyima usingizi kwa uzuri wake. Nataka kuyaona kwa karibu japo mara moja. Sina ombi jingine duniani.

Shida ni Eudald, mwenye duka la baiskeli. Naye anautaka mkoba.

Leo baada ya misa tulikuwa barazani pa baa, vermut, divai yetu ya mitishamba, mkononi, zeituni mezani. Queralt akaja. Akasema breki yake ya nyuma, ile inayobana rimu, imepasuka, na sasa anahamia breki ya diski. Akauliza: diski ya ukubwa gani? Eudald hata hakumeza zeituni. Akasema milimita 160 nyuma, 180 mbele, na mjadala umefungwa.

Nikasikia mdomo wangu unasema 203.

Meza nzima ilinigeukia. Sijui namba ile ilitoka wapi. Lakini katika mji huu neno ulilolisema saa ya vermut halirudi mdomoni. Nikaongeza kwamba kila mwenye akili anajua, diski ikiwa kubwa inashika zaidi. Eudald akanijibu kwamba ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Watu wakacheka. Hata padri.

Queralt hakucheka sana. Akasema ana magurudumu mawili ya nyuma. Kila mmoja wetu achukue moja, afunge diski yake na kibanio chake cha kuishika. Jumamosi atayajaribu yote mawili mtoni. Ambaye breki yake ataiamini, huyo atabeba mkoba.

Nimelileta gurudumu langu nyumbani nikilikumbatia.

Jumatatu, 2 Septemba

Diski imepatikana. Jirani yangu Mateu aliwahi kushuka milima kwa baiskeli kabla ya kuoa. Ilikuwa ukutani sebuleni kwake, mkewe ameitia saa katikati. Nimeahidi kuirudisha, na saa yake.

Uzuri wake! Kubwa, inang'aa, ina matundu kama kitambaa cha madhabahu. Diski ya Eudald ukiiweka kando yake ni kisahani cha kikombe cha kahawa.

Nikaifunga kwenye baiskeli yangu kuukuu ili nijaribu. Haikuingia. Kibanio kiko chini mno, diski imepita juu yake. Inahitaji kipande cha chuma cha kukiinua. Vinauzwa kwa Eudald tu. Afadhali nife.

Nimekichonga mwenyewe kutoka kwenye mkono wa mashine ya kukatia nyama. Dada yangu Assumpta, mama yake Queralt, akaja kuitafuta mashine yake. Nikamwambia huenda Mateu ameiazima.

Jumanne, 3 Septemba

Nimefanya utafiti wa kisayansi. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha soseji, nyama haininyimi ushirikiano. Nimefunga paja zima la nguruwe kwenye tairi, nikabana breki, nikaliacha lining'inie. Diski ya 203 ikalishika, gurudumu halikusogea hata unywele. Ushindi!

Kwa haki tu nikajaribu na diski ya 160 niliyokuwa nayo. Nayo ikalishika.

Nikaongeza paja la pili. Zote mbili zikashika tena. Nimetafakari sana. Jibu ni kwamba nyama haijui baiskeli. Matokeo ya leo hayatatajwa popote.

Jumatano, 4 Septemba

Leo niliacha hila zote kwa saa nzima.

Nilikuwa napita nyuma ya kiwanda cha zamani cha nguo, nikamkuta Queralt anafanya mazoezi peke yake kwa breki ya kuazima. Nikakaa juu ya tofali. Kuna ukuta pale unanifika kifuani. Akausogelea, akasimama kwa gurudumu la nyuma peke yake, la mbele liko hewani, hana kiti cha kukalia maana baiskeli hizi hazina. Akatulia. Kidole kimoja tu kwenye breki. Halafu akaruka, na gurudumu lile la nyuma likatua ukingoni mwa ukuta, na mwili wake wote ukaning'inia nyuma ya ukingo. Hapakuwa na kitu chini yake. Kidole hakikutetereka. Akabaki pale, sijui alikuwa ameshikwa na nini, akajivuta polepole, akasimama juu.

Mwenyezi Mungu! Nimefanya kazi na watu wenye nguvu maisha yangu yote, sijawahi kuona kitu kama kile. Machozi yalinitoka. Nasema kweli.

Alipoteremka nikamuuliza kinachomfanya asianguke. Akafikiri. Akasema watu hudhani breki ni ya kupunguza mwendo, ila yeye pale juu hana mwendo wa kupunguza. Anachotaka ni gurudumu ligome kabisa, kama limepigiliwa msumari. Likizunguka kidogo tu, kwaheri. Kisha akaniambia kwa upole kwamba kuna jambo jingine, diski ikiwa kubwa inakuwa karibu na mawe, na ikigongwa inapinda. Akaniuliza kama nimelifikiria hilo.

Nikamwambia nimelifikiria. Sikuwa nimelifikiria. Lakini msumari nimeuelewa. Na msumari mkubwa hushika kuliko mdogo, hilo hata mtoto anajua.

Alhamisi, 5 Septemba

Vita. Asubuhi nilipenyeza habari kwa mwuza mikate kwamba diski za 160 hutengenezwa kwa ajili ya watoto. Kufikia mchana habari ilikuwa imemfikia Eudald. Jioni nilipopita mbele ya duka lake, alitoka nje na kuniuliza, kwa sauti ya kusikika hadi kanisani, kama wali umeiva kwenye ile sufuria yangu, akimaanisha diski, na kama nitaweka kaa au sungura. Wazee wa kwenye benchi wakaomba sungura.

Nikamjibu kwamba acheke tu, Jumapili atanipigia makofi akiwa nyuma ya kamba. Akasema kubeba mkoba si kutazama, ni kazi, na mimi nikimwona yule mtoto akiruka huwa nabaki mdomo wazi, inzi wanaingia na kutoka.

Wivu tu!

Ijumaa, 6 Septemba

Wazo kubwa. Nashangaa halikumjia mtu kabla yangu.

Kila mkongwe wa mchezo huu, enzi za breki za kubana rimu, alikuwa na kopo la lami. Unakwaruza rimu kwa mashine mpaka iwe na makovu, unapaka lami kidogo, na breki inapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa Novemba na haiachii. Baba yangu alifanya hivyo. Eudald mwenyewe alifanya hivyo. Kama lami ilishikisha rimu, je, diski? Na diski kubwa namna hii, yenye nafasi ya kutosha ya kupaka?

Nimepaka. Pande zote mbili.

Nikajaribu uani. Ilipiga ukelele, mbwa wa Mateu akaingia chini ya gari. Ikashika! Nilisukuma kwa bega, gurudumu likagoma kabisa. Limepigiliwa msumari! Eudald, nunua kitambaa cha kufutia machozi.

Nimepiga pasi shati la kuvaa na mkoba.

Jumamosi, 7 Septemba

Sijui nianze wapi.

Tulikutana juu, inapoanzia njia ya kuteremkia mtoni. Queralt alianza na gurudumu la Eudald. Akateremka, akapanda jiwe la kwanza, la pili, la tatu, akarudi. Akasema iko vizuri. Vizuri! Neno dogo hilo. Nikaona nafasi yangu.

Tukafunga langu. Akabana breki pale pale barabarani. Ikalia kwa sauti iliyorusha njiwa wote wa kanisa. Akasukuma, haikusogea. Akaniangalia kwa mshangao. Akasema mjomba, hii inashika kweli kweli. Eudald akapauka uso. Nitaikumbuka dakika hiyo.

Kisha akateremka. Njia ile ni ndefu na mteremko wake ni mkali, na yeye alikuwa amebana breki njia nzima. Diski ikapata moto. Sasa, lami ikipata moto inafanya nini? Kila aliyeona barabara ikiyeyuka kwa jua la Agosti anajua. Mimi pia nilijua. Sikuwaza tu.

Nikasimama chini ya jiwe la tatu, mikono juu, mahali nilipopaota maisha yangu yote. Akaja. Akasimama kwa gurudumu la nyuma ukingoni, juu ya kichwa changu. Nikaona kila kitu. Nikaona msuli wa mkono wake unavyotetema, nikaona tairi linavyobonyea juu ya jiwe kama linapumua, nikaona uso wake. Hakuwa na hofu. Hakuwa nasi kabisa. Nilijiona mdogo na mwenye bahati.

Gurudumu likateleza.

Alianguka kinyumenyume. Na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa moja tu, mikono yangu ilikuwa mashavuni. Sikumbuki niliishusha lini. Alinipita. Akiwa hewani aliisukuma baiskeli mbali, akajigeuza kama paka, akatua kwa miguu miwili kwenye maji. Eudald alikuwa ameshaingia mtoni na viatu vyake, akamshika kabla hajayumba.

Goti limechubuka, basi. Lakini mimi nilikaa chini majini. Nilidhani nimemuua mtoto wa dada yangu.

Queralt akainusa diski. Akanusa tena. Akaniuliza, mjomba, umepaka lami? Nikasema kidogo. Eudald akavua kofia kama tuko mazishini.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema mkoba ataubeba Eudald. Akasema kosa lililomwamulia halikuwa lami. Alipokuwa anaanguka alinitafuta kwa macho, akaniona namtazama.

Nimelitundika shati kabatini.

Jumapili, 8 Septemba

Nilikwenda. Ningekosaje? Nilisimama nyuma ya kamba kati ya Assumpta, ambaye hasemi nami kwa sababu mbili, na mashine ya nyama ni ndogo kati ya hizo, na Mateu, ambaye anadai saa yake.

Queralt alikuja na diski ya 160 nyuma, imejificha ndani kabisa, hata jiwe haliioni. Eudald chini yake na mkoba, macho kwenye saa ya mkononi, anapiga kelele muda uliobaki, mikono tayari. Lazima niseme alifanya kazi yake. Sitalirudia.

Jiwe la mwisho ni refu kuliko mtu na lina unyevu. Waliotangulia wote walishusha mguu pale, na kila mguu ni pointi ya adhabu. Queralt akaruka. Gurudumu la nyuma likashika ukingo na likagoma. Akabaki pale, kidole kimoja, mto tu unasikika. Upepo ukaja, ukamsukuma. Nilimwona anauacha umsukume, haupingi, anausubiri umalize. Halafu akasimama juu, miguu haikugusa kitu. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Ameshinda! Sijali, nimelia mbele ya mji mzima, na mwuza mikate alinipa leso.

Baadaye, watu walipokwenda kunywa vermut, alinifuata akiwa na medali na soseji mkononi. Akakaa kando yangu ukutani. Akaniuliza, mjomba, pale juu ilikuwaje? Nikashangaa, si alikuwepo yeye? Akasema yeye akiwa pale haoni kitu, ni weupe tu. Eudald alikuwa anatazama saa. Mama yake hufumba macho. Hajawahi kujua inavyoonekana.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu tairi lilivyobonyea, hadi upepo, hadi alivyousubiri. Nilisimama nikamwonyesha kwa mikono. Alisikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi, soseji imemganda mkononi. Nilipomaliza akasema hivi, na ninaandika maneno yake yenyewe:

"Mjomba, wewe baki nyuma ya kamba. Siku zote. Nakuhitaji hapo."

Nimeyatafakari maneno hayo tangu mchana, na maana yake iko wazi. Ananipima moyo, aone kama nitakata tamaa. Hanijui! Mashindano ya Berga ni mwezi ujao. Mateu anasema binamu yake ana diski ya 220, na mimi nimeshagundua kosa letu la Jumamosi: lami ilikuwa nyepesi.