Mama Mkwe, Rozari na Tairi la Kushoto

Leo uso wangu nimeuacha kwenye barabara ya Mpui. Atakayeuokota anitunzie, nitaufuata watu wakishasahau.

Iko hivi. Asubuhi nimetoka hapa Sumbawanga kwenda Mpui kumchukua mama mkwe. Kesho tunampeleka Kipili, kule ziwani, maana shemeji yangu amejifungua mtoto wa kwanza na bibi hatulii. Sasa mama mkwe wangu ni mtu wa heshima zake. Mrefu, mkimya, kiongozi wa jumuiya kanisani. Tangu nimuoe binti yake maneno yangu kwake ni yale yale: shikamoo mama, karibu mama, asante mama. Mbele yake hata kukohoa naomba ruhusa moyoni.

Nikapakia gunia la mahindi, debe la ulezi na kuku wawili waliofungwa miguu. Nikamfungulia mlango wa mbele.

"Hapana, baba. Mimi nakaa nyuma."

Akaketi nyuma upande wa kushoto, akajitanda kitenge mpaka puani, akafumba macho. Nikazima redio. (Redio yangu huwa inafunguliwa mpaka mwisho, ng'ombe wa njiani wananijua. Lakini leo nimembeba mama mkwe!)

Tukaondoka. Gari likashika mwendo, na hapo ndipo nikaanza kuisikia.

Nguuuu... nguuuu... nguuuu...

Nikatega sikio. Sauti inatoka nyuma. Nikachungulia kwenye kioo: mama macho kafumba, kichwa kimeegemea dirishani, kitenge kinatikisika taratibu. Loh! Kumbe mama anakoroma!

Nikajikaza nisicheke. Tukafika mteremko, gari likaongeza kasi, na mama akaongeza kukoroma. Nikapunguza mwendo, naye akapunguza. Nikasema moyoni, huyu mama ana adabu, hata usingizini anamfuata dereva. (Ndiyo, niliwaza hivyo. Mimi, mtu mzima mwenye leseni.)

Gari nalo lilikuwa linavuta kushoto, usukani nimeushika umekaa upande kama kofia ya mlevi. Nikasema ni upepo. Huku Ufipa upepo unasingiziwa mengi.

Simu ikaita. Mke wangu, Mama Neema. Simu ilikuwa imechomekwa pale mbele, nikabonyeza sauti ya nje. (Trafiki mnisamehe.)

"Baba Neema, mmefika wapi? Na hizo kelele ni za nini, uko mashineni?"

"Mashine gani? Ni mama yako huyo."

"Mama yangu kafanyaje?"

"Anakoroma! Tangu tutoke Mpui. Anasaga na kukoboa!"

"Mama yangu hakoromi."

"Mke wangu, niko naye hapa, unanibishia? Ndiyo maana baba mkwe haishi kusema anakwenda kulala shambani kulinda mahindi. Mahindi gani? Mzee anatafuta usingizi!"

Nikacheka mwenyewe. Nilicheka vizuri sana, jamani, kicheko cha mtu asiyejua kinachomjia.

"Baba Neema."

Sauti hiyo haikutoka kwenye simu.

"Na... naam, mama?"

"Mimi nasali rozari. Niko tendo la tatu."

Jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti. Kwenye kioo nikaona macho mawili yamefumbuka, makavu, yananitazama. Chini ya kitenge rozari inaning'inia kwenye vidole. Na ile sauti, nguuuu, inaendelea kama kawaida huku mdomo wa mama umefungwa kabisa!

"Simamisha gari, baba."

Nikasimamisha pembeni. Nguuuu ikashuka, ikashuka, ikanyamaza. Kimya. Hata kuku walinyamaza.

Mama mkwe akasubiri kidogo, kisha akauliza kwa upole: "Nimeacha kukoroma?"

Kwenye simu nikamsikia mke wangu akiangua kicheko. Nilikuwa sijaikata.

Nilitoka mbio. Nikapiga magoti kwenye gurudumu la nyuma kushoto, chini kabisa ya pale mama alipokuwa amekaa, nusu nakagua, nusu naomba msamaha. Kwa nje tairi zuri tu, kashata zake za kukanyagia zote zipo. Nikapitisha mkono kwa ndani. Kitu kikanichoma kidole. Nikainama zaidi nikaona: upande wa ndani umelika wote, nyaya zimechomoza kama ndevu za kambale.

Mama alishuka, akainama, akaangalia.

"Na kesho tulikuwa tunashuka nalo Kipili?"

"Ndiyo, mama."

"Na gunia, na mimi, na Neema?"

"Ndiyo, mama."

Akafanya ishara ya msalaba. Mimi nikakaa chini pale pale kwenye majani. Ule mteremko wa kwenda ziwani naujua.

Basi nikashusha gunia, nikashusha debe, nikashusha kuku, nikatoa tairi la akiba, nikafunga, nikapakia vyote tena. Tukaja mjini polepole mpaka kwa fundi. Safari hii mama alikaa mbele. "Nikae karibu," akasema, "usije ukasikia mengine."

Fundi akaliweka gari kwenye mashine ya alaimenti, ile inayopima kama magurudumu yamenyooka. Gurudumu la nyuma halikuwa linatazama mbele, lilikuwa linatazama kwa jirani. Nikakumbuka shimo nililotumbukia kule Mollo siku za mvua nikajifanya sikusikia kishindo. Fundi akasema tutanyoosha kwanza ndipo tufunge mapya, la sivyo nayo yataliwa vile vile. Na nyuma yabadilishwe yote mawili, yafanane.

Mimi, kwa ubishoo wangu, nikaenda kushika yale yenye meno makubwa ya kukanyagia tope.

"Hayo ni ya shambani," akasema fundi. "Kwenye lami yatapiga kelele."

Mama mkwe akadakia: "Basi tupe yasiyosema. Huyu akisikia kelele hamuulizi fundi, anamsingizia mama wa watu."

Akacheka. Mama mkwe akacheka, jamani! Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, akanishika bega. "Baba, tungekufa kesho. Acha nikorome."

Gari sasa linakwenda kimya, usukani umenyooka. Tumefika nyumbani salama, Neema kakaa mapajani kwa bibi yake, na mimi nimejificha uani nawaandikia. Ndani nasikia mama anawapigia dada zake mmoja mmoja, na kila mmoja anasimuliwa upya.

Ushauri wangu ni mmoja: gari likianza kunguruma, kagueni tairi kabla hamjakagua wakwe. Na tafadhali, anayetaka kucheka acheke kwao.