Lenzi ya Themanini na Kofia ya Wifi

Jumatatu, 6 Agosti 1984
Asante Mungu, leo magoti yote mawili yamekubali kuamka. Semisi, kitinda mimba wangu, anaoa Jumamosi. Ngatu yake, kile kitambaa cha magome cha harusi, imekwisha! Miezi minane nimegonga magome mpaka viganja vimekuwa kama gamba la kasa. Hatua kumi kwa urefu, yenye michoro ya marehemu mama.
Ataichukua nani? Wifi Kalolaine. Hapa kisiwani Vava'u shangazi wa bwana harusi ndiye mkubwa wa shughuli. Anaikalia ngatu, akiinuka anaondoka nayo. Sawa, ni haki yake. Lakini mimi nitabaki na picha. Ndani yake iwe ngatu yangu na maharusi. Si Kalolaine na kofia yake.

Jumatano, 8 Agosti
Kwa Fatai mpiga picha. Ana kamera mbili: ndogo ya kuweka jichoni, na kubwa kama debe la biskuti, unachungulia kwa juu. Nikaomba niazime ndogo, nipime ua kabla ya harusi. Akasema bibi utaiangusha. Nikamwuliza, wewe nilikuangusha? Si mikono hii ndiyo iliyokupokea ulipozaliwa? Akanipa.
Lenzi imeandikwa 80. Akanionyesha nyingine, 28, eti hiyo inameza ua mzima. Muongo! Ishirini na nane imeze kuliko themanini? Shule sikusoma, lakini kuhesabu nguruwe najua.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimetandika ngatu uani, nikarudi nyuma hatua ishirini na mbili, nikachungulia kwa kamera. Imeenea barabara, mwisho hadi mwisho. Nikaweka jiwe jeupe kila upande. Nje ya jiwe, hakuna kitu. Mkeka wa wifi wa kusubiria nimeuweka hatua moja nje ya jiwe, chini ya mshelisheli.
Akaja kukagua. Kwa nini ametengwa kama kuku anayeatamia? Kivuli, wifi, nikasema. Akacheka: Telesia, tangu lini unanionea huruma na jua?

Jumamosi, 11 Agosti
Fatai kaja na kamera kubwa! Moyo paa! Eti harusi hii inastahili filamu kubwa. Nikavaa miwani, nikasoma lenzi. 80. Asante Mungu! Themanini ni themanini. Nikamsimamisha palepale, hatua ishirini na mbili, maharusi katikati ya mawe.
Basi nikajiachia. Nikasimama nje ya jiwe la pili, nikamgeukia wifi, nikamtolea ulimi. Ulimi wote! Fatai akapiga.
Kisha wifi akaitwa, akaikalia ngatu. Ikaenda. Nililia kidogo jikoni. Moshi.

Jumatano, 15 Agosti
Picha. Mungu wangu! Wifi yumo. Mkeka, kofia, hata mbwa. Na mimi, ulimi nje kama mjusi.
Nikamfokea Fatai. Akasema bibi, lenzi ni sawa, filamu ndiyo pana zaidi. Akatoboa karatasi mbili, tundu dogo na tundu kubwa, akazishika umbali uleule kutoka jicho langu. Kwa dogo nikaona jiko. Kwa kubwa nikaona jiko, na Kalolaine akiingia getini.
Akaninyang'anya picha. Alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akasema, ulimi wako nimeuona, sasa nitazame mimi. Nikatazama. Hakuwa akitazama kamera, wala mimi. Ameinama kutoka mkekani, ameshika pembe ya ngatu, anapapasa michoro ya mama. Akasema mama yako ndiye aliyenifundisha kugonga, umesahau?
Nilikuwa nimesahau.
Akafungua furushi. Amekata ile pembe, hatua tatu nzima, kaniletea. Akaniambia nisimshukuru, nimtolee ulimi tu. Nikamshukuru. Nikalia mbele ya Fatai, na moshi haukuwepo. Aibu!

Jumapili, 19 Agosti
Kanisani nimemshukuru Mungu kwa ajili ya wifi, kwa jina, kwa sauti. Watu wamegeuka. Wageuke! Pembe ya ngatu nimeitundika juu ya kitanda.
Mwezi ujao mwanangu mkubwa anabatiza mtoto. Wifi atakaa mbele tena. Akae, nampenda. Ila picha iwe ya mtoto na bibi yake tu. Sasa mambo ya kamera nayajua. Nimemwagiza Fatai alete ile ndogo, na ili tusikosee tena, aifunge lenzi ya 28. Filamu ndogo, namba ndogo. Hata unyoya wa kofia hautaingia!