Saa Nane za Usingizi wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Daktari kanieleza wazi: usiku pumzi zinanikatika. Zikikatika mwili unashtuka, na ule moto uliotukuta kazini ghalani unarudi ndotoni. Kiwewe kinaharibu usingizi, usingizi mbovu unachochea kiwewe. Kanipa mashine ya kupuliza hewa, yenye barakoa. Barakoa! Kama niliyovaa siku ya moto, mwenzangu wa zamu alipobaki ndani. Sivai ng'o. Ila mashine inarekodi saa, na bila rekodi ya wiki nzima sirudishwi kazini kwenye foklifti yangu, gari la kunyanyulia mizigo.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu. Dakika mbili. Nikanusa moshi, nikapiga mayowe, nikavunja taa. Mke wangu akafagia vioo. Kila usiku anahesabu: pumzi ikipotea, akifika ishirini ananizaba kofi. Macho yake yamevimba kuliko shavu langu. Naona aibu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata akili! Shemeji, kaka wa mke wangu, yuko chumba chetu cha uani mwaka wa pili. Ana leseni ya foklifti, hana haraka ya kutafuta kazi. Anakoroma mpaka vikombe vinatetemeka. Nimemwambia mashine inang'arisha ngozi. Amevaa bila kuuliza. Mke nimemwambia iko kwa fundi.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji ameamka alfajiri! Kafagia ua, kapiga pasi shati. Anasema kichwa chepesi, hajalala hivi tangu utotoni. Amenikera. Mimi nimeungua tena ndotoni usiku kucha.

Jumatano, 12 Machi
Daktari kafurahia rekodi: saa nane kila usiku. Kasaini cheti. Nikaenda ghalani napiga mluzi. Meneja akaomba radhi, nafasi imejazwa asubuhi hiyo na mtu mchangamfu ajabu. Nikachungulia. Shemeji, juu ya foklifti yangu, akanipungia mkono!

Alhamisi, 13 Machi
Nimelia bafuni, bomba nimelifungua. Mke amejua yote, kaka yake kamsimulia. Hakugomba; angegomba ingekuwa nafuu. Amesema anaogopa siku moja atahesabu mpaka mia. Kisha akaenda kwa dada yake, akalale. Nimebaki kitandani bila wa kunihesabia.

Jumamosi, 15 Machi
Mke kapiga simu: atarudi nikivaa barakoa wiki nzima, rekodi ataisoma mwenyewe. Nimeapa, na kwa moyo wote. Nikaivaa. Nikanusa moshi tena. Nikaivua.

Jioni baba mkwe akabisha hodi. Amekuja kutusuluhisha, atakaa siku saba. Kabla ya kumaliza nasaha kasinzia kitini, anakoroma kumshinda mwanawe. Nimempima kamba za barakoa taratibu, asiamke. Zinamtosha.