Mheshimiwa Halali Njaa

Jumatatu, 4 Machi
Umejua kupotea wewe! Daftari ulininunulia mwenyewe, herufi ukanifundisha mwenyewe, ukasema bibi andika, nikija nitasoma. Uko wapi? Haya, vua viatu, kaa, soma.

Paka wangu Mheshimiwa yuko hatarini. Kaingia kwa fundi cherehani, jirani wa mlango wa pili, akakojolea gauni la bibi harusi. Jeupe! Fundi kapiga kelele mpaka mwenye nyumba akashuka ngazi. Hukumu ikatoka: dume huyu ahasiwe kabla ya wiki kuisha, la sivyo ahame. Ahamie wapi? Babu yako hayupo, mmeolewa nyote, nimebaki na yeye.

Jumanne, 5 Machi
Kumbe kuna chama cha madaktari wa paka! Nilicheka nikakaa chini. Watu wazima, wamesoma, wana mwenyekiti na katibu, kazi yao paka.

Nimefika kwao, kicheko kimekoma. Paka wana chumba chao cha kungojea, mbwa haingii, na vikapu hufunikwa taulo wasitazamane kwa chuki. Hospitali nilikomzaa mama yako haikuwa na adabu hiyo. Daktari, binti mwenye sauti laini, akasema watamhasi kesho, bure, ila asile kitu tangu jioni. Niliitikia kwa kichwa tu.

Jumatano, 6 Machi
Nani atoke kwangu akapasuliwe na tumbo tupu? Nilimpa samaki asubuhi. Mzima, lakini mdogo. Nikamfuta sharubu kwa kitambaa chenye sabuni. Mpango safi!

Daktari akauliza kama amekula. Nikamwambia hajaonja hata maji. Mheshimiwa, msaliti yule, akatapika juu ya viatu vya daktari. Jicho la samaki likawa linatutazama sote.

Binti hakufoka. Heri angefoka. Alinikalisha, akanieleza kwamba dawa ya usingizi hulegeza koo, chakula kikapanda, kikaingia mapafuni, na paka asiamke tena. Asiamke! Njia nzima nilimkumbatia. Nimepewa nafasi ya mwisho, Ijumaa.

Alhamisi, 7 Machi
Najijua. Mheshimiwa akilia tu, nitampa. Basi nimemeza kiburi changu, nikambeba mpaka kwa fundi alale huko. Fundi akajigamba kwamba paka wake alipohasiwa, walifunga kula wote wawili, yeye na paka. Mwongo! Mwili ule haujawahi kukosa kifungua kinywa.

Jioni nikamsikia Mheshimiwa analia. Maneno ya daktari yakanitoka kichwani yote. Nikapitisha kipande cha ini chini ya mlango wa fundi. Kidogo kama ukucha! Kikarudi. Nikakisukuma. Kikarudi tena, na sauti ya fundi nyuma yake: mama wee, unataka kumzika huyu?

Nikala mwenyewe, huku nalia.

Ijumaa, 8 Machi
Daktari alimuuliza fundi kama paka amekula. Mimi hakuniuliza. Sawa.

Nilikaa kwenye benchi, roho mkononi. Kila mlango ulipolia nilisimama. Fundi akanishika mkono, vidole vyake vigumu kwa sindano, wala sikuuvuta wangu. Daktari akatoka. Mzima! Kalewa, ulimi nje, jicho moja mashariki, jingine magharibi. Nikambusu daktari. Nikambusu na fundi, bahati mbaya tu, asije akajisifu.

Mwenye nyumba amekubali abaki.

Jumapili, 10 Machi
Nimejirekebisha, muulize yeyote. Wale wa chama wameona Mheshimiwa amenenepa kupita kiasi, anaweza kupata kisukari, wakanipa kikombe cha kupimia chakula. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Nafuata bila kukosea. Mchana hawakusema lolote, kwa hiyo mchana natumia sahani.

Jumamosi ijayo daktari anakuja hapa nyumbani kumpima uzito. Na wewe uje siku hiyohiyo, sitaki visingizio vya kazi. Simama nyuma ya mizani. Daktari akiinama kusoma, mshike Mheshimiwa kwapani umnyanyue kidogo. Kidogo tu! Asije akaelea.