Shujaa Asiyechomeka wa Kituo cha Mafuta

Kahawa ya kwanza ilikuwa haijashuka kooni pale kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta nje ya mji wa Kuopio, Jalmari dereva teksi, maarufu Mchochezi, akainua simu na kusoma kwa sauti ya kutangaza msiba.

"Tangazo kutoka Ngome ya Barafu! Shujaa wa bwana Oiva asipopigana pambano moja la haki kabla ya saa sita mchana leo, anafutwa kikosini."

Oiva, ambaye kijiwe kizima kinamwita Hafi, akaliweka andazi lake chini. Ngome ya Barafu ni mchezo wao wa mtandaoni, ugomvi wa maandishi matupu: unaandika pigo lako, mwenzako anaandika lilivyompata. Shujaa wa Oiva ana miaka tisa humo na hajapata hata mkwaruzo. Tangu mkewe afariki, shujaa huyo ndiye aliyekuwa akimtoa kitandani asubuhi, na habari ya kufutwa ilimchoma moyo kweli kweli.

"Wivu tu huo!" akafoka. "Mnauogopa upanga wangu."

"Nani auogope?" Raili akadakia. Huyu ni mkunga mstaafu, msimamizi wa mchezo, ndiyo maana wanamwita Bi Kanuni. "Juzi umeniandikia, 'Akazungusha upanga, kichwa cha mchawi kikadondoka.' Kichwa cha nani hicho?"

"Chako."

"Basi niachie mwenyewe! Unaandika umekilenga, unakomea hapo. Kama kimedondoka, nitasema mimi."

"Na utasema, Raili? Wewe?"

"Mwaka huu nimekatwa mkono mara mbili, na nikafurahi!"

"Mimi nilimtosa ziwani na minyororo," Mchochezi akaongeza kuni. "Akajibu eti anapumua majini, mama yake alikuwa samaki."

"Bibi yake," Oiva akasahihisha.

"Na ile sumu?"

"Aliizoea tangu utotoni."

"Na mshale wa mgongoni?"

"Alivaa chuma kwa ndani."

"Ndani ya nini, bwana? Alikuwa anaoga!"

Raili akatazama saa ya ukutani. Saa tano na robo. "Haya, nani atapigana naye?"

Mchochezi akaanza kukoroga kahawa isiyo na sukari. Oiva akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemtazama.

"Nitapigana mimi," Raili akasema mwishowe. "Ila pigo moja likupate. Moja tu, Oiva."

Wakainamia simu, meza moja, magoti yanagusana. Raili akamaliza mapema: "Mchawi anachomoa kisu, analilenga bega la kushoto." Akaegemea kiti, mikono kifuani.

Oiva akaandika ngao, akafuta. Akaandika upepo mkali, akafuta. Akaandika tai anayekidaka kisu.

"Futa na huyo tai," Mchochezi aliyekuwa akichungulia akamwambia.

Akamfuta tai. Kisha akaandika: "Kisu kinaingia."

Mchochezi akapiga makofi. Hata muuzaji wa kaunta akashangilia.

"Umeona ilivyo tamu?" Raili akacheka. "Tuma, sasa ni zamu—"

"Sijamaliza."

Akaendelea. Damu ikajaa buti. Shujaa akamuaga farasi wake, kwa majina yote matatu. Mfalme akapiga magoti. Kengele zikalia vijiji saba. Machozi yakamtoka Oiva mwenyewe, yakadondokea andazi. Dakika mbili kabla ya saa sita, akatuma.

Raili akasoma, akasoma tena. "Amekufa?"

"Amekufa."

"Bega, Oiva! Nimezalisha watu miaka thelathini, sijaona mtu kafa kwa bega! Nilikupangia uniponde zamu inayofuata, ubaki kikosini!"

"Si mlitaka pigo linipate?"

"Pigo langu! Hili umejipiga mwenyewe! Hata kufa umejiamulia peke yako!"

Akalifuta jina la shujaa kikosini kwa kidole chake, akavuta koti, akapeleka kikombe chake kwenye rafu ya vyombo. Mchochezi akamfuata, akitikisa kichwa.

"Mazishi ni kesho saa nne," Oiva akawaita, akijifuta macho kwa karatasi ya andazi. "Msihangaike kuja. Nimeshaandika mlivyolia."