Ulinzi wa Magongo ya Bwana Mkubwa

Boma latangaza kwa raia wote, wa mjini na wa visiwani: magongo ya gofu ya Bwana Mkubwa Hartwell yamewekwa chini ya ulinzi wa Serikali. Yasafiripo kwa ndege, hakuna abiria atakayetangulizwa mbele yake, wala hayatasafiri bila mlinzi aliyeapishwa.

Waraka huo aliuandika Khatib, karani mkuu, na hakuona ndani yake neno la kuchekesha. Mwaka uliopita gongo moja lilifika Mombasa limevunjika kichwa, na heshima ya Serikali, kama Khatib alivyoeleza sokoni, ilivunjika pamoja nalo.

Sanduku liliundwa na Bwana Famau, fundi wa majahazi wa Matondoni. Alilitia kalafati ya pamba kila ungio, maji yasipenye, akalipaka mafuta ya papa.

"Bwana Famau, hili ni la kupanda ndege, si la kuelea."

"Na ndege ikiangukia mayini? Sanduku langu halizami."

Khatib aliona hoja ina mashiko, akaiingiza katika faili.

Liliposalia jambo la nafasi katika ndege ndogo ya Alhamisi, ambayo Bwana Hartwell angepanda kwenda kucheza Mombasa, Khatib alimwita Bi Mahfudha wa Mkomani, aliyekuwa na barua ya daktari: apasuliwe macho Mombasa siku ya Ijumaa, la sivyo yangefumba moja kwa moja.

"Bi Mahfudha, kiti chako kimetwaliwa na sanduku."

"Mwanangu, bakora za mzungu nazo zina mtoto wa jicho?"

Khatib alilifuta jina lake katika orodha ya abiria. Usiku ule hakula vyema. Lakini waraka ni waraka.

Alhamisi, uwanjani Manda, Bi Mahfudha alikuwepo, ameketi juu ya furushi lake la nguo. "Nimekuya kukiaga kiti changu," alisema.

Watu sita walilipandisha sanduku. Ndege ikainama. Rubani akampima Bwana Hartwell kwa jicho, kuanzia tumboni.

"Sanduku na Bwana, haturuki. Sanduku na mtu mwembamba, tutajaribu."

"Shusha sanduku!" alisema Bwana Hartwell.

Khatib akakunjua waraka. "Hakuna abiria atakayetangulizwa, Bwana. Saini ni yako."

"Naufuta!"

"Kuufuta kunataka kikao cha Kamati, baada ya ilani ya siku saba."

Bwana Hartwell, ambaye kwa miaka kumi na moja aliwafukuza watu kazini kwa kuruka ilani, alivua kofia.

Khatib akatazama huku na huku. Mwembamba pale alikuwa mmoja tu. Alimwapisha papo hapo, akamshika mkono hadi ngazini.

"Nayalinda vipi, nami kwa mato haya siyaoni?" aliuliza Bi Mahfudha.

"Waraka hausemi uyaone."

Ndege ikapaa, ikinuka papa.

Bwana Hartwell alibaki mchangani na kofia yake. "Khatib, hapa sasa ni nani mwenye amri juu yangu?"

Khatib aliusoma waraka tena tangu mwanzo, kwa haki.

"Magongo, Bwana. Na kwa kuwa hayapo, mlinzi wake. Andika maombi ya safari. Akirudi, inshallah, atakuwa na mato ya kuyasoma."